Visukuku vya masupiali wadogo: mfuko unaoza, meno yanabaki

Huku Mwanza kuna watu wakimuona kamendegere anaruka usiku kwenye taa za gari upande wa Serengeti wanakwambia huyo ndugu yake kangaruu. Si kweli jamani, kamendegere ni mgugunaji, yuko kundi moja na panya. Kangaruu ni masupiali, yaani mamalia wanaozaa kitoto kibichi kabisa halafu kinamalizia kukua kwenye chuchu, wengi wao ndani ya mfuko wa mama.

Sasa mfuko ni ngozi tu, haudumu, kwa hiyo ukisikia wamepata kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, cha masupiali mdogo wa saizi ya panya ujue mara nyingi ni jino au kipande cha taya. Na kinatosha! Magego ya nyuma kabisa masupiali kwa kawaida wanayo manne kila upande, sisi wenye kondo, yaani mamalia ambao mtoto analishwa tumboni kwa kondo la nyuma mpaka akomae, tunayo matatu, halafu kona ya nyuma ya taya lao la chini imepinda kwa ndani. Kuyapata ndo shughuli, udongo unalowekwa, unachekechwa, unaanikwa, mtu anakaa na hadubini anachambua punje kwa punje kama mama wa Mwaloni Kirumba anavyotoa kokoto kwenye dagaa, ila huyu kokoto ndo anaitaka.

Mfano mzuri ni Djarthia, masupiali kadogo tu, katoka Murgon kule Queensland, Australia, miaka kama milioni 55 iliyopita. Mwaka 2008 watafiti walieleza mifupa yake ya kifundo cha mguu na ikaonekana yumo kwenye ukoo wa masupiali wa Australia, ukoo ambao Amerika Kusini umebakiwa na monito del monte, kanyama ka misitu ya Chile na Argentina. Walivukaje kati ya Amerika Kusini na Australia? Kwa miguu, maana enzi hizo mabara hayo yaliungana kupitia Antaktika, na kweli mwaka 1982 kisukuku cha masupiali kilipatikana kisiwa cha Seymour hukohuko kwenye barafu.

Kuhusu asili ya mbali zaidi mi naenda taratibu. Sinodelphys wa China, miaka milioni 125, alitangazwa 2003 kuwa jamaa wa kale wa masupiali, ikafika 2018 wengine wakamhamishia upande wetu wa wenye kondo.

Na Afrika walifika pia, Fayum huko Misri yametoka mataya ya Peratherium, masupiali mdogo. Wakaisha, hawakuacha kizazi.