Filamu za jela za wanawake hazikuanza na uchi

Wengi wanaamini kwamba filamu za Marekani za miaka ya 1950 kuhusu wanawake gerezani zilikuwa picha chafu: kuoga pamoja, nguo kuchanika, basi. Mabango yake ndiyo yaliyopotosha watu, kwani yaliahidi makubwa. Ndani ya ukumbi mambo yalikuwa mengine. Tangu 1934 hadi 1968 Hollywood ilibanwa na kanuni za maadili, na uchi ulipigwa marufuku, hata kwenye filamu za bei rahisi kama Girls in Prison ya 1956.

Tena mama wa filamu hizi hakuwa wa bei rahisi. Caged ya 1950 ilitengenezwa na studio kubwa ya Warner Bros., na mwigizaji wake mkuu, Eleanor Parker, akateuliwa kuwania Oscar. Mwandishi wake, Virginia Kellogg, alikuwa ameishi magerezani kama mfungwa ili aone mwenyewe. Tazama pale askari jela anapomnyoa nywele binti aliyefungwa akiwa mjamzito kwa wizi wa dola 40 alioufanya mumewe: hakuna cha kutamanisha hapo, ni ukatili mtupu. Binti huyo anatoka akiwa jambazi aliyekomaa, na mkuu wa gereza anaagiza faili lake lisifungwe, maana atarudi.

Picha ambazo watu wanazikumbuka, za uchi na bunduki, ni za miaka ya 1970. The Big Doll House ya 1971, yenye mwigizaji Pam Grier, ilipigwa Ufilipino, ambako gharama zilikuwa ndogo.