Msiniulize tena ina jibi ngapi

Jumamosi iliyopita mwalimu mmoja kutoka Maseno aliingia kwangu hapa Kisumu na Kindle mbili za mtumba, vile vifaa vya Amazon vya kusomea vitabu, alizoachiwa azijaribu kabla ya kulipa. Kabla hajaketi: "Fundi, hii ni jibi 8, hii ni jibi 4. Si nichukue ya 8?"

Jibi ni GB, nafasi ya kuhifadhi vitabu. Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno, na bado watu wanalitumia kununua kitu kisichowafaa. Riwaya ya maandishi matupu kwa kawaida haifiki megabaiti 2. Hata ukitoa nafasi inayoliwa na mfumo wenyewe, jibi 4 zinabeba zaidi ya vitabu 1,000. Soma kimoja kila wiki, utamaliza baada ya miaka kumi na tisa. Nafasi kubwa ni ya wanaosikiliza vitabu vya sauti au kusoma katuni. Basi.

Uliza nukta, vile vidoti vinavyochora herufi kwenye skrini; zikiwa nyingi kwa inchi, herufi ni safi. Ile ya jibi 8 ilikuwa Kindle ya kawaida ya 2019: nukta 167 kwa inchi. Ya jibi 4 ilikuwa Kindle aina ya Paperwhite ya 2015: nukta 300. Nilifungua ukurasa uleule kwenye zote mbili, nikapunguza herufi, nikazilaza kaunta. Kwenye ya 167 tundu la "e" lilikuwa linazibika na "s" ina vingazi pembeni. Kwenye ya 300 herufi zilikaa kama zimepigwa chapa. Mwalimu aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. Alikuwa karibu kulipia ile mbaya, na kwa bei ya juu.

Jua si tatizo kwa yoyote kati ya hizo mbili. Saa saba mchana pale ufukweni Dunga simu inageuka kioo cha kujitazamia, lakini skrini ya Kindle inasomeka vizuri zaidi, kwa sababu ni chembe nyeusi na nyeupe zinazosukumwa na umeme, zikishatulia hazili chaji. Ndiyo maana picha hubaki hata betri ikifa. Watu huniletea wakidhani imeganda, kumbe inataka chaja tu.

Watu husema skrini hizi hazichoshi macho. Hapo nina shaka. Vijitaa vyake viko pembeni vikimulika ukurasa, havikupigi usoni kama simu, na mimi sichoki kama zamani. Lakini je, ni skrini, au ni kwa kuwa humo hamna WhatsApp ya kunikatiza? Nimejiuliza miaka mingi. Kwa hiyo simwahidi mteja kwamba macho yake yatapona.

Ninachoweza kuahidi ni kwamba ukiikalia itavunjika. Chini ya plastiki ya juu kuna bamba jembamba la glasi. Juu hutaona hata mkwaruzo, ila nusu ya ukurasa itasimama na mistari itasambaa kama utando wa buibui. Skrini mpya inakaribia bei ya kifaa kizima cha mtumba. Nunua kava ngumu siku hiyohiyo.

Faili nalo: vitabu vingi vya kidijitali huja kama faili la EPUB. Kobo, kifaa cha kampuni nyingine, inalifungua moja kwa moja. Kindle hailifungui ukilinakili kwa waya. Litume kwa Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma faili kwenye Kindle, ambayo inapokea EPUB tangu 2022.

Kisha mwalimu akasema neno ambalo angeanza nalo: anasoma shahada ya uzamili, na noti zake zote ni PDF. Hapo jibi na nukta zote zikaanguka. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21; skrini ya inchi 6 ina kama sentimita 9. Ukurasa unabanwa chini ya nusu, herufi ya ukubwa wa 12 inakuwa kama 5. Ukiikuza, unaburuta kushoto na kulia kila mstari. Kuna kuyapanga upya maandishi yatoshe skrini, lakini majedwali yanavurugika, na noti zilizoskaniwa ni picha tu, hazina maandishi ya kupangwa. Anahitaji inchi 10.

Nilimfungulia noti zake mwenyewe ajionee. Alisoma mistari mitatu, akaniuliza kama ninayo ya inchi 10. Sikuwa nayo. Ya jibi 8 aliirudisha. Ya jibi 4 akamchukulia mkewe, ambaye husoma riwaya kwenye matatu ya Luanda kila asubuhi.