Gari la vitofali: fungua boneti kabla ya kuhesabu vipande

Fundi mmoja wa giaboksi pale mtaa wa Gerezani alinitumia picha za maboksi mawili ya magari ya Lego, yale ya kujenga kwa vitofali vya plastiki: Bugatti Chiron na Porsche 911. Akaandika: "Kaka, hii ina vipande 3,599, hii ina 1,458. Si nibebe yenye vingi?" Tangu nianze kuwajengea watu magari ya vitofali hapa Dar, swali hilo nimelijibu mara nyingi kuliko lile la bei.

Idadi ya vipande inadanganya. Chiron ni ya jamii ya Technic ya Lego, yale yenye gia na mitambo inayofanya kazi, na kwenye Technic sehemu kubwa ya hesabu hiyo ni pini za kuunganishia, vitu vidogo kama njugu. Kugawanya bei kwa vipande ni sawa na kununua kabati kwa kuhesabu misumari. Tazama haya makubwa yenyewe, ya kipimo cha moja kwa nane: Porsche 911 GT3 RS ya 2016 ilikuwa na vipande 2,704, ikaja Chiron 2018, Lamborghini Sián 2020 yenye 3,696, Ferrari Daytona SP3 2022 yenye 3,778, kisha McLaren P1 2024 yenye 3,893. Vipande vinapanda kila toleo. Lakini Chiron ina gia nane, na P1 iliyoipita kwa vipande karibu 300 ina saba, kwa sababu P1 ya barabarani nayo ina saba.

Kwa hiyo nilimuuliza fundi: unataka kuliangalia au kulichokonoa?

Kama ni kuliangalia, ile 911 ya 2021 inaishinda Chiron, na hapo sina ubishi na mtu. Imejengwa kwa vitofali vya kawaida vyenye vinundu vya kushikana juu, mabega ya nyuma yamejaa kama ya gari lenyewe, na unachagua mwenyewe uijenge Turbo au Targa. Ina sentimita 35, inakaa kwenye rafu ya televisheni. Usukani unakata kona, viti vinalala, basi. Giaboksi hakuna. Chiron ina sentimita 56, na ukiisogelea unaona matundu na nafasi kwenye bodi. Utamu wake uko chini: pistoni 16 zinazopanda na kushuka ukilisukuma, shokapu, difu, na gia unazobadilisha kwa vidole pale kwenye usukani.

Mwenye pesa ndogo aanze na Speed Champions, magari madogo ya Lego. Zilipoanza 2015 zilikuwa na upana wa vinundu sita, zikafanana na viatu. Tangu 2020 ni vinundu nane, yaani milimita 64, na sasa Ferrari unaitambua kuwa Ferrari. Ubaya wake ni stika, na kuzibandika sawasawa huku mikono ina jasho la Desemba ni kazi ya watu wenye subira.

Kuhusu "feki": tusichanganye mambo. Hati miliki ya kitofali ni ya 1958 na ilishakwisha muda wake, ndiyo maana CaDA ya China au COBI ya Poland wanatengeneza vitofali vinavyoingiliana na vya Lego, kwa majina yao wenyewe. Hao si feki. Feki ni boksi lililoiga nembo ya mwingine. Kabla hujalipa dukani, chukua namba ya seti iliyo kwenye boksi, itafute mtandaoni, linganisha picha na idadi ya vipande. La mkononi lililofunguliwa mimi silichukui bila kuona gia zote zimemwagwa mezani. Kikikosekana kimoja ukakiagiza kutoka nje, nauli inakizidi kipande mara nyingi.

Ukiagiza seti nzima, kumbuka ushuru unakokotolewa kwenye bei pamoja na nauli na bima, halafu VAT ya asilimia 18 juu yake. Boksi kubwa nalo linakula nafasi ya mzigo. Kama huna mpango wa kuliuza baadaye, mwambie wakala alitupe boksi, abaki na mifuko na kitabu.

Fundi alibeba Chiron. Siku ya nne akanipigia saa sita usiku: gia zimekaza, anayefungua giaboksi za malori kila siku ameshindwa na ya plastiki. Nikamwambia atafute pini nyeusi mahali palipotakiwa ya kijivu. Nyeusi ina msuguano, inashika. Ya kijivu inazunguka. Kimya kirefu, halafu nikasikia vipande vikimwagika mezani.

"Nimeiona, kaka. Iko katikati kabisa."

Nami ndivyo nilivyojifunza, kwa kubomoa kazi ya jioni mbili. Siku hizi kila nikimaliza hatua ya giaboksi nazungusha ekseli kwa kidole kwanza.