Kosa la kiwandani na tofauti ya muhuri katika sarafu za zamani

Mkusanyaji mgeni akiona sarafu ya zamani yenye tarakimu zilizojirudia, au picha iliyokaa upande, kwa kawaida huiita kosa la kiwandani. Katika elimu ya sarafu jina hilo lina mipaka yake, na ng'ambo ya mpaka ipo dhana nyingine iitwayo tofauti ya muhuri.

Sarafu huzaliwa pale kipande cha madini kisicho na chapa kinapogandamizwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Muhuri mmoja hugonga maelfu ya sarafu kabla ya kuchakaa. Kwa hiyo kasoro iliyomo ndani ya muhuri hurudi katika kila sarafu inayotoka humo, na hiyo ndiyo tofauti ya muhuri. Lakini kipande kikiteleza na picha ikaangukia kando, jambo hilo huishia kwenye sarafu hiyo moja, nalo ni kosa la kiwandani.

Senti ya Marekani ya 1955 yenye maandishi pacha ni mfano mashuhuri. Muhuri wake ulitengenezwa kwa kugandamizwa na muhuri mama, yaani chuma chenye picha iliyoinuka kinachochapa mihuri mingine, zaidi ya mara moja, na mara mojawapo haukukaa sawasawa, hivyo mwaka na maandishi yakajirudia waziwazi. Sarafu za namna hiyo zipo nyingi, na zote zinafanana. Kinyume chake ni senti chache za 1943 zilizogongwa kwenye vipande vya shaba, ilhali mwaka huo senti zilikuwa za chuma kilichopakwa zinki kwa sababu ya vita: muhuri ulikuwa mzima, kipande ndicho kilichokosewa.

Wengi hujikwaa kwenye herufi zilizojirudia, maana si kila kujirudia kumetoka kwenye muhuri. Muhuri uliolegea ukisogea kidogo wakati wa kugonga, husugua ubavu wa herufi iliyokwisha kuinuka na kuacha kijingazi bapa, cha chini, huku herufi yenyewe ikibaki nyembamba kuliko kawaida. Katika muhuri pacha wa kweli, yaani ule wenye maandishi yaliyojirudia ndani yake, herufi zote mbili zimeinuka na kuviringa, tena kwenye ncha zake huonekana vijipengo vidogo vinavyozitenganisha. Ukishika lenzi ya kukuzia na kuelekeza taa kutoka ubavuni, kile kijingazi hung'aa kama sakafu iliyosuguliwa. Binafsi naona kipimo hiki kinafaa kuliko kutazama ukubwa wa mwachano, ambao hudanganya sana.

Mpaka wenyewe, hata hivyo, haukunyooka. Senti tano ya Marekani ya 1937 iliyogongwa Denver, yenye nyati wa miguu mitatu, ilitokana na fundi aliyeusugua muhuri kupita kiasi. Lilikuwa kosa la mtu, lakini huhesabiwa tofauti ya muhuri kwa kuwa liliendelea kujirudia. Nyufa za muhuri nazo hukua kadiri unavyotumika, hivyo sarafu mbili za muhuri uleule huweza kuwa na ufa wa urefu tofauti, na wakusanyaji huzipanga kama hatua za uchakavu. Sarafu ikiwa imelika sana mikononi mwa watu, vile vijipengo vya herufi hufutika, na hapo hakuna lenzi itakayoamua. Inabaki kuilinganisha na sarafu nyingine ya muhuri huohuo ambayo haijalika.