Mswaki wa Usiku Ndio Unaolinda Meno

Siku ya kliniki, benchi la nje ya chumba chetu cha meno hujaa kabla sijafungua mlango. Kituo chetu ni cha ngazi ya nne, Busia, upande wa Uganda, na lugha ya benchi hilo ni Kiswahili: madereva wa malori, wabadilisha fedha, vijana wa bodaboda, akina mama wauza mukene, yaani dagaa. Wengi huja na ombi moja tu: "Musawo," yaani daktari, "ling'oe." Kabla sijashika koleo huwa nauliza: jana usiku ulipiga mswaki? Hapo benchi zima hucheka. Usiku? Naenda kulala, nani ataninusa?

Kicheko hicho kinaeleza mengi kuhusu magonjwa ninayoyaona. Wengi wetu tulifundishwa kupiga mswaki kwa ajili ya harufu, yaani kwa ajili ya watu wengine, ndiyo maana tunapiga asubuhi kabla ya kutoka. Asubuhi ni vizuri, sisemi uache. Lakini kama maji ni haba, au uchovu umekushinda, na ni lazima uchague mara moja tu kwa siku, mimi ningekuambia uchague usiku.

Sababu yake unaweza kuishika mkononi. Nawa mikono, kisha pitisha ukucha taratibu pale jino linapokutana na ufizi. Ukitoka na kitu cheupe, laini kama unga uliolowa, huo ndio ukoga. Si mabaki ya chakula peke yake. Ni bakteria hai waliojijengea makao juu ya jino. Unapokula kitu chenye sukari, nao wanakula, na wanachokitoa ni asidi inayoyeyusha madini ya jino kidogo kidogo. Mate ndiyo yanayozima asidi hiyo na kurudisha madini, kazi inayochukua kama nusu saa hadi saa nzima kila unapokula. Tatizo ni kwamba ukilala mate hupungua sana. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari uliyokunywa saa tatu usiku inabaki na meno yako hadi alfajiri, bila mlinzi.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa karibu watu bilioni 3.5 wana ugonjwa fulani wa kinywa. Jino lililotoboka bila kutibiwa ndilo linaloongoza. Ni ugonjwa wa kawaida mno kiasi kwamba tumeuzoea, kana kwamba kupoteza magego ukiwa na miaka thelathini ni sehemu ya kuzeeka.

Sasa, unapigaje? Chukua mswaki wenye nywele laini. Najua dukani ule mgumu huonekana ndio wa wanaume, lakini mgumu huumiza ufizi na kukwangua shingo ya jino. Ulaze kidogo, nywele zielekee kwenye mpaka wa jino na ufizi, kisha uende kwa miduara midogo midogo bila kukandamiza. Dakika mbili. Watu wengi husugua meno ya mbele kwa bidii, yale yanayoonekana wakicheka, kisha hugusa magego kama wanaoaga. Mimi huwaambia waanze na gego la mwisho kabisa, upande wa ndani unaoguswa na ulimi, kwa sababu hapo ndipo ninapokuta matundu na ugaga, yaani ukoga ulioganda ukawa mgumu kama chokaa. Malizia kwa kusugua ulimi taratibu. Kama shida yako ni harufu, sehemu yake kubwa hukaa huko nyuma ya ulimi.

Kisha tema, usisukutue. Hili ndilo linalowashangaza watu kuliko yote. Dawa ya meno si sabuni ya kusuuzwa. Ndani yake kuna floraidi, madini yanayosaidia jino kujijenga upya na kuhimili asidi, na ukisukutua kwa kikombe kizima cha maji umeyamwaga kabla hayajaanza kazi. Tema povu, futa mdomo, kalale. Kwa nyumba zinazonunua maji kwa jerikani, nadhani huu ni ushauri wa daktari usioongeza gharama hata kidogo.

Dukani, geuza boksi la dawa usome nyuma. Tafuta floraidi, na namba iliyo kati ya 1000 na 1500 inayofuatwa na herufi ppm, yaani sehemu ngapi za floraidi katika kila milioni. Angalia pia alama ya Q ya Shirika la Viwango la Uganda. Rangi, picha ya mkarafuu na maneno ya kung'arisha ni mapambo tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa hiyo anayeiona kama anasa ya watu wa Kampala amekosea.

Wazee huniuliza kuhusu mswaki wa mti. Mzee, endelea nao. Neno lenyewe, mswaki, limetokana na Kiarabu, na asili yake ni hicho kijiti. Ukikitafuna vizuri kikawa kama brashi, kinatoa ukoga. Udhaifu wake ni mbili: hakifiki vizuri nyuma ya magego, na hakina floraidi ya kutosha. Paka dawa kidogo juu yake na umetatua nusu ya tatizo. Lakini mkaa, hapana. Mkaa na majivu husafisha kama msasa unavyosafisha mbao: doa linaondoka pamoja na uso wa jino, na uso huo haurudi. Wapo pia watu wanaotoka maeneo kama Kisoro, ambako baadhi ya maji yana floraidi nyingi kupita kiasi, na meno yao yana madoa ya kahawia tangu utotoni. Madoa hayo yamo ndani ya jino. Ukimsugua mtoto kwa nguvu ili yatoke utamuumiza bure.

Ufizi ukitoka damu, watu huacha kupiga mswaki mahali hapo "ili upone." Kinachoutoa damu mara nyingi ni ukoga uliokaa pale, kwa hiyo kuuacha ni kuuongezea maradhi. Piga kwa upole, kila siku, na kwa kawaida damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, njoo. Mama mjamzito, ufizi wako huvimba kirahisi zaidi kwa sababu ya homoni, na wewe ndiye hasa usiyepaswa kuacha. Mwenye kisukari naye ufizi wake huoza upesi, na ufizi mbovu huzidisha ugumu wa kudhibiti sukari ya damu.

Tukizungumzia sukari: nchi inayolima miwa kuanzia Kakira hadi Kinyara haitaacha sukari kwa sababu ya makala yangu. Ninachoomba ni kupunguza idadi ya mara. Dereva anayekunywa soda yake yote pamoja na chakula cha mchana ana nafuu kuliko yule anayeilamba kidogo kidogo kutoka Malaba hadi Kampala, kwa sababu huyu wa pili hayapi mate nafasi ya kuzima asidi hata kidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa muwa unaotafunwa kutwa, na kwa chupa ya maziwa yenye sukari anayolala nayo mtoto mdomoni.

Na watoto ndio wanaoniumiza. Hivi karibuni muuza mukene mmoja alimleta bintiye wa miaka saba, shavu limeumuka kama andazi. "Musawo, ng'oa tu, ni la utoto hilo. Litakuja lingine." Nilimpa kioo kidogo, nikamwonyesha. Gego lile halikuota mahali pa jino lililong'oka. Liliota nyuma ya meno yote ya utoto, kimyakimya, mtoto alipofika kama miaka sita, ndiyo maana wazazi wengi hawalitambui. Ni jino la ukubwani. Likitoka halina mrithi. Mama alilitazama muda mrefu, tundu jeusi lililobaki kuta mbili tu, kisha akaniuliza lina umri gani. Mwaka mmoja hivi, nikamwambia. Nililing'oa, kwa sababu hakukuwa na cha kuziba.

Kwa hiyo mzazi, anza jino la kwanza linapochungulia. Chini ya miaka mitatu, paka dawa kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu, kiasi cha punje ya njegere. Na mshike mkono wewe mwenyewe hadi afike miaka saba au minane. Mtoto asiyeweza kufunga kamba za viatu hawezi kusafisha gego la nyuma.

Kuna jambo jingine la watoto ambalo siwezi kulipita. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, ufizi wake ukaonekana umevimba mahali pa chonge, bado wapo watakaokuambia ni ebiino, meno ya uongo, yachimbwe. Uvimbe ule ni jino la kawaida linalojiandaa kuota. Kinachomuumiza mtoto ni malaria, au maambukizi ya tumbo, na anayechimba kwa spoku ya baiskeli anampa jeraha, pepopunda na kupoteza damu juu ya ugonjwa aliokuwa nao. Mpe maji ya chumvichumvi anayopewa mtoto anayeharisha (ORS) na umkimbize kituoni.

Ukiwa mtu mzima na jino limeanza kuuma kwa kitu baridi au kitamu, hapo bado huenda linaweza kuzibwa. Usisubiri hadi likukoseshe usingizi. Usiweke asprini kwenye ufizi. Itauchoma na jino litaendelea kuuma. Uvimbe ukishuka chini ya taya, ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, usingoje siku ya kliniki, nenda hospitali usiku huohuo. Na mtoto ambaye taya limevimba na meno yanalegea bila kutoboka asipelekwe kung'olewa ovyo: ni hapa Uganda, hospitali ya Mulago, ambako daktari Denis Burkitt aliona watoto wa namna hiyo na kuuandika mwaka 1958 uvimbe wa saratani unaoitwa kwa jina lake, na saratani hiyo hutibika ikiwahiwa.

Yule mama alirudi baada ya wiki kuangaliwa kidonda cha bintiye. Nilikuwa nimemuuliza wana miswaki mingapi nyumbani, akasema miwili, watu sita. Nikamweleza kuwa ufizi hutoka damu, na virusi vya homa ya ini B, ambavyo kaskazini mwa nchi vimeenea sana, hupita kwenye damu hiyo. Sasa, akasema, ipo sita. Imening'inia kwenye misumari barazani, mbali na choo, mahali pa upepo, kila mmoja umefungwa uzi wa rangi yake. Wa binti ni mwekundu. Na ndiye anayewaita wenzake baada ya chakula cha usiku, kwa sababu amegundua kwamba anapenda kutema povu gizani na kuona nani atatema mbali zaidi.