Daktari wa utengamao na maumivu sio mchuaji, soma hii kabla hujaja kliniki

Malalamiko yamekuwa mengi kitengoni kwetu na karibu yote ni yale yale: "mgongo unaniua, daktari hajanichoma hata sindano, kaniambia nifanye mazoezi." Sawa, tuelewane.

Daktari wa utengamao, yaani wa kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujihudumia baada ya ugonjwa au jeraha, ni daktari kamili, kasomea udaktari kwanza ndio akabobea kwenye kiharusi, uti wa mgongo ulioumia, mguu uliokatwa, maumivu sugu. Hachui watu. Mtu wa fiziotherapia ni mwenzake wa kila siku ila kazi ni tofauti, daktari ndiye anayechunguza, anaandika dawa, anachoma sindano inapobidi na kupanga nani aanze na wewe.

Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu, na mara nyingi hapo jeraha lenyewe limeshapona ila neva (mishipa ya fahamu) bado zinapiga kelele, ndio maana hatuishii kuuliza yanauma kiasi gani, tunauliza unainuka chooni bila kushikwa? viatu unavaa mwenyewe? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi na elimu, mikanda ya kiuno na dawa kali za maumivu za jamii ya morfini haushauri zitumike kama kawaida. Hatujatunga sisi.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, ipo, lakini goti moja kwa kawaida halizidi mara 3 au 4 kwa mwaka maana ukizidisha gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, inalika. Kama ulishachomwa kwingine sema. Mwenye kisukari pia aseme, sukari inaweza kupanda siku kadhaa.

Siku ya miadi njoo na picha za vipimo pamoja na dawa zenyewe kwenye pakiti zake, sio "vile vidogo vyekundu", vyekundu viko vingi jamani. Diklofenaki, dawa ya maumivu uliyojinunulia miezi na miezi tunataka kuijua kuliko zote, inaumiza figo na tumbo. Ukipangiwa kipimo cha neva usipake mafuta wala losheni siku hiyo, vinasa umeme havishiki vizuri kwenye ngozi yenye mafuta, na utaje mapema kama una betri ya moyo au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Sasa morfini. Inabanwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, kwa hiyo utaratibu hatuupindishi: daktari mmoja anayeandika, cheti cha dawa kina tarehe na idadi ya vidonge, ukipoteza unaweza kuambiwa usubiri, na unaweza kuombwa mkojo upimwe bila kutuhumiwa chochote. Kumgawia jirani, hata kama anaumwa kweli, nchi nyingi ni kosa la jinai na unaweza kushtakiwa. "Nilimwonea huruma" sio utetezi.

Wenye mgonjwa wa kiharusi, acheni kumwinua kwa kumvuta mkono uliolegea! Misuli haishiki bega tena, linashuka kwenye kiungo chake, halafu tunatibu bega miezi kibao wakati alitakiwa ajifunze kutembea. Mshike kiunoni, au omba uonyeshwe.

Na kama mgongo unauma halafu ganzi imeingia sehemu za siri, mkojo haushikiki au umegoma kutoka, au miguu inalegea ghafla, achana na miadi yetu, nenda idara ya dharura leo leo.