Kivuli kiwekwe nje ya kioo: jua la Dar es Salaam na madirisha yetu

Mteja akija na picha ya nyumba aliyoiona mtandaoni, yenye ukuta mzima wa kioo kutoka sakafuni hadi darini, swali langu la kwanza ni moja: ukuta huo utatazama wapi? Wengi hujibu, "Barabarani." Mimi ninachotaka kujua ni kama unatazama magharibi.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu Oktoba 10. Katikati hapo, miezi saba hivi, jua la adhuhuri hukaa kaskazini mwetu, na miezi iliyobaki hukaa kusini. Ndiyo maana ramani za kupakua kutoka Ulaya na Marekani hutuponza. Kule jua la adhuhuri hukaa kusini, kwa hiyo upenu mrefu, yaani kifuniko kinachochomoza juu ya dirisha, huwekwa upande huo. Hapa kaskazini ndiko kunakouhitaji zaidi.

Tuchukue dirisha la kimo cha mita 1.2, upenu ukiwa juu yake moja kwa moja. Mwishoni mwa Juni, adhuhuri, jua liko nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho, upande wa kaskazini, na upenu wa sentimita 70 unalifunika dirisha lote. Lakini saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri jua limeinama. Ukitaka kivuli kidumu kati ya saa hizo, upenu ufike sentimita 95. Upande wa kusini, mwezi Desemba, kwa saa zilezile, sentimita 55 zinatosha. (Hizi ni saa za jua lenyewe. Saa ya ukutani hapa Dar iko mbele kwa dakika ishirini na ushei.)

Magharibi hesabu inagoma. Mwezi Machi, saa kumi jioni, jua limeshuka hadi nyuzi 30 na linaingia moja kwa moja dirishani. Dirisha lilelile sasa linadai upenu wa zaidi ya mita 2, na sijaona mtu wa kujenga kitu hicho juu ya kila dirisha la ghorofa. Mashariki ni hivyohivyo, ila asubuhi hewa na kuta bado zimepoa, kwa hiyo watu hulalamika kidogo. Hivyo kiwanja kikiniruhusu, kuta ndefu nazielekeza kaskazini na kusini, na ubavu mfupi ndio unaokutana na jua la jioni. Kisiporuhusu, na viwanja vya mjini mara nyingi havina huruma, upande wa magharibi napeleka ngazi, stoo na vyoo. Kama lazima chumba cha watu kikae huko, natumia mapezi ya wima, yaani mbavu zinazochomoza ukutani kando ya dirisha, yaliyogeuzwa kidogo kuelekea kusini au kaskazini, tofali za matundu mbele ya dirisha, au veranda yenye kina. Mti wa mkungu uliopandwa mapema nao hufanya kazi nzuri kwa nyumba ya chini.

"Si nitaweka mapazia mazito?" Pazia linakuja kwa kuchelewa. Mwanga wa jua ukishavuka kioo, pazia na sakafu huufyonza na kuugeuza joto, na joto la namna hiyo kioo hakiliachii kutoka kirahisi. Kiyoyozi ndicho kitakacholipia. Kioo cheusi cha tintedi nacho hunywa jua, kikapata moto chenyewe na kuurudisha chumbani, huku kikipunguza mwanga uliokuwa unautaka. Vipo vioo vilivyopakwa utando unaopitisha mwanga na kukataa sehemu kubwa ya joto. Ni vizuri, ila bei yake ni ya mradi mkubwa. Tazama maofisi ya vioo mjini saa saba mchana: mapazia yamefungwa, taa zinawaka.

Na mwanga ndio tuliouhitaji tangu mwanzo. Kanuni tunayoitumia ni kwamba mwanga wa dirisha hufaa hadi kina cha mara mbili, labda mbili na nusu, ya kimo cha ukingo wake wa juu kutoka sakafuni. Lenta, yaani boriti iliyo juu ya dirisha, ikikaa mita 2.1, kama ilivyo desturi, ukifika mita 5 ndani tayari ni giza. Kupandisha lenta hadi mita 2.7 kunasaidia kuliko kupanua dirisha kwa upana. Dari iwe nyeupe. Rafu ya kurusha mwanga darini, inayowekwa dirishani, hufanya kazi pia, mradi mtu aifute vumbi. Kwenye majengo yasiyo na mtu wa usafi wa uhakika siiweki.

Nairobi ningechora tofauti. Iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, na jua la asubuhi la Julai ni la kukaribishwa, si la kufukuzwa.

Tatizo la mwisho ni bajeti. Fedha zikipungua, mapezi na upenu hufutwa kwanza kwa sababu mkandarasi huviita urembo. Siku hizi upenu nauchora kama mwendelezo wa slabu, nondo zake zikiwa zimeingia kwenye boriti, ili umwagwe zege pamoja na jengo. Chini ya ukingo wake naweka mfereji mwembamba wa kudondoshea maji, la sivyo masika ya kwanza tu yatachora mistari myeusi ukutani.